Je, Wajua? Buibui Anayetia Nakshi Utando Wake

Bustanini na kwenye majani marefu ya Mbeya na Iringa yupo buibui wa jenasi ya Argiope, anayefuma mistari minene, myeupe, ya zigizaga juu ya utando wake. Jike hukaa katikati, kichwa chini, miguu minane ameipanga jozi jozi hadi ikafanana na herufi X. Panzi akinasa, humviringisha kwa hariri kwanza, ndipo amng'ate. Kuhusu nakshi, wanasayansi bado wanabishana: wapo wasemao huakisi mwanga wa urujuanimno na kuvuta wadudu, wengine husema huwaonya ndege wasiupasue utando. Dume ni mdogo mno, na mara nyingi huliwa na jike wakati wa kujamiiana! Sumu ya buibui huyu si hatari kwa binadamu. Ukimkuta unapopalilia, usimuue.