Uwongo na Kweli katika Hadithi za Wakristo

Hapa Unguja msimulizi wa hadithi huanza kwa kusema, "Paukwa!" na wasikilizaji humjibu, "Pakawa!" Tena wako wasemao, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Katika desturi hiyo neno uwongo si tusi. Kila aliyepo ajua ya kuwa sungura hasemi, wala hakuna adanganywaye. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu, alizikusanya hadithi za namna hiyo hapa mjini, zikapigwa chapa London mwaka 1870.

Walakini wako Wakristo waulizao: Je, yafaa mtu wa imani atunge kisa kisichotukia? Na akitunga, yafaa aandike ulevi, uzinzi na kukata tamaa kama yalivyo? Maswali haya ni mawili, nayo yapasa kutengwa.

La kwanza jawabu lake ni jepesi, maana Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Mwana mpotevu hatajwi jina wala mji, na hata hivyo hapana amwitaye mwongo aliyemsimulia.

La pili ni zito zaidi, nasi twataka kulipima kwa habari za mji huu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali pale pale. Mtunzi apendaye mwisho mwema atakimaliza kisa chake hapo. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria ila mwaka 1897, na masuria walingoja mpaka mwaka 1909. Kwa muda wa miaka 24 watumwa waliendelea kuchuma karafuu za mabwana zao, na huku sala zikisaliwa Mkunazini. Basi tazama: katika kisa kile cha kwanza kila tarehe ni ya kweli, nacho chadanganya, kwa sababu ya mahali kilipokomea. Uwongo tuuogopao katika hadithi si kutunga, bali ni kuficha.

Vijana wa shule ya Kiungani hawakuficha. Masimulizi yao, aliyoyatafsiri A. C. Madan katika kitabu cha mwaka 1887, yaeleza jinsi walivyotekwa, wakauzwa, wakapitishwa mkono kwa mkono. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, naye aliandika "Uhuru wa Watumwa," kilichotoka mwaka 1934. Mateso ya njiani aliyaeleza waziwazi. Lakini wasomaji wengi wa baadaye wamemlaumu kuwa shukrani zake kwa Waingereza zimefunika mambo yaliyostahili kuulizwa. Lawama hiyo twaiona ina haki, ingawa shukrani ya mtoto wa mtumwa si jambo la kudharauliwa.

Kwa upande wa bara yuko Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyesoma seminari. Riwaya yake "Rosa Mistika," ya mwaka 1971, yachukua jina la sifa ya Bikira Maria na kumpa binti aangukaye hata kujiua. Kwa muda kitabu kilizuiwa shuleni, kisha kikaja kusomeshwa. Waliokizuia walihofia vijana, na hofu ya mlezi si upuuzi. Lakini kitabu hicho chauliza ni nani aliyemlea Rosa kwa fimbo pasipo kumfundisha. Swali hilo lawahusu wazazi na walimu, na ukiuondoa uchafu wa kisa, swali nalo laondoka.

Tena sisi Wakristo wa Unguja tu wachache kati ya majirani Waislamu. Wao watujua: huona nani alewa, nani ampiga mkewe. Tukiwapa hadithi ambamo kila abatizwaye huwa mwema siku ile ile, watacheka, na hata neno letu la kweli hawatalisadiki.

Husimuliwa ya kuwa nguzo kadha za kanisa la Mkunazini mafundi walizisimamisha kichwa chini, Askofu Steere akiwa hayupo. Zimeachwa hivyo, na watu husali kati yake. Basi mtunzi Mkristo naye asione haya kuyaacha makosa ya watu wake yaonekane, wala asiharakishe toba kabla mtu wake hajaifikia.