Dumuzi wa Mahindi: Chakula Chake na Maficho Yake Baina ya Misimu

Gunia la mahindi katika nyumba ya Endabash, wilayani Karatu, ni chakula cha miezi ijayo na ni akiba ya kulipia ada na matibabu. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, anaweza kuligeuza kuwa vumbi kabla ya mavuno mengine kufika. Katika makala haya tunaeleza chakula cha mdudu huyu na mahali anapojihifadhi ghala likiwa tupu, ili mlaji ajue lini na jinsi gani ajikinge.

Mgeni kutoka mbali

Asili ya dumuzi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa nchini aligunduliwa mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea mikoa mingine, ukiwemo Arusha. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4 hivi. Uchunguzi uliofanywa nchini miaka hiyo ulionesha kuwa mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi 3 hadi 6 yaliweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake.

Anakula nini

Dumuzi hupendelea mahindi na mihogo mikavu. Huyashambulia zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa kuwa punje zilizoshikana humpa mahali pa kujiegemeza anapotoboa. Anaweza kuzaliana katika punje zenye unyevu wa asilimia 9 tu, hali ambayo wadudu wengi wa ghalani hawaimudu. Kwa hiyo kukausha mahindi huzuia ukungu, lakini peke yake hakumzuii dumuzi.

Zaidi ya hayo, dumuzi hutoboa mbao na matawi makavu, na katika baadhi ya miti huweza hata kuzaliana. Hapa ndipo siri ya uhai wake ilipo. Mahindi yanapokwisha ghalani, yeye hubaki katika nguzo, katika magunzi yaliyosahauliwa, katika magunia ya zamani na porini. Mavuno mapya yanapoingia, huruka na kuyafuata. Na dume akishapata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake.

Joto nalo huongoza mwendo wake. Katika nyuzi joto 32 na hewa yenye unyevu, yai huweza kuwa mdudu kamili kwa siku 25 hadi 27. Penye baridi ukuaji huchelewa. Hivyo mahindi yanayoonekana salama katika baridi ya Julai yanaweza kuwa yamekwisha kubeba mayai, na madhara yake yakaonekana joto linapopanda.

Mlaji afanye nini

Kwa kuwa dumuzi husubiri ndani ya ghala lenyewe, kinga huanza kabla ya mavuno. Tunashauri yafuatayo:

1. Ondoa na uchome mabaki ya mahindi na magunzi ya msimu uliopita. Kagua nguzo na ubadilishe zilizotobolewa.
2. Pukuchua mahindi mapema na uyaanike mpaka yakauke. Kwa kupima, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi.
3. Ukitumia mifuko isiyopitisha hewa, weka mahindi yasiyo na wadudu, toa hewa, kisha funga kila mfuko wa ndani peke yake. Kagua kwanza kama haina matundu, kwani dumuzi huweza kutoboa plastiki.
4. Ukinunua kiuatilifu cha unga, hakikisha lebo inataja dumuzi pamoja na fukusi. Dawa inayomuua fukusi si lazima imuue dumuzi. Angalia namba ya usajili, tarehe ya kwisha matumizi, kipimo kwa gunia, na siku za kusubiri kabla ya kula.
5. Usinunue dawa iliyopimwa kwa kijiko au kufungwa katika karatasi isiyo na lebo. Hujui ni nini wala kiasi gani utakula.
6. Usitumie kamwe vidonge vya kufukizia ndani ya nyumba wanamolala watu. Gesi yake huua binadamu. Kazi hiyo ni ya wataalamu waliofunzwa.

Anayenunua mahindi sokoni aingize mkono hadi katikati ya gunia. Akikuta unga mwingi na punje zenye matundu, asiyachanganye na akiba yake, hata bei ikiwa nafuu. Gunia moja lenye dumuzi latosha kuambukiza ghala zima.

Mlaji akiwa na shaka kuhusu dawa aliyouziwa, aihifadhi pamoja na risiti na amwone afisa ugani wa kata yake kabla ya kuitia katika chakula.