Lugha ya Maelekezo (3): Kitu Kimoja, Jina Moja

Wiki iliyopita tuliishia kwenye sentensi ndefu. Leo tuyatazame maneno yenyewe.

Shuleni tulifundishwa kukwepa takriri. Ukirudia neno mara tatu katika aya moja, kalamu nyekundu hiyo! Kwa insha ni adabu nzuri. Kwa karatasi ya kumwelekeza mkulima namna ya kupulizia shamba, adabu hiyohiyo yaweza kumdhuru mtu.

Niliwahi kupewa kipeperushi cha aina hiyo nikipitie kabla hakijachapwa. Mwanzoni kilisema "kiuatilifu", mbele kidogo "dawa", mwishoni "sumu". Vyote vilikuwa kitu kimoja, kwenye chupa moja. Lakini mtu aliyeambiwa achanganye dawa na maji, kisha akaambiwa sumu isikae karibu na watoto, ana haki ya kudhani sumu ni kitu kingine, na dawa yake akaisukuma uvunguni.

Tuchague lipi? Wakulima wengi husema "dawa", nalo ni jepesi. Mimi silipendi hapa, maana nyumbani dawa ndiyo anayonyweshwa mtoto mwenye homa. "Kiuatilifu" ni zito kidogo mdomoni, ila ndilo la kitaalamu, na Tanzania limo hata katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lielezwe mara moja mwanzoni, kwamba ni sumu ya kuua wadudu, magugu au ukungu wa mimea. Kisha lisibadilike hata likijirudia mara 20.

Na kipimo: "kifuniko kimoja" cha chupa ipi? Andika mililita.

Lililonitisha zaidi lilikuwa neno la kila siku. "Usiingie shambani hadi saa 12." Kwetu saa 12 jioni jua linazama. Aliyepulizia saa 10 alasiri angerudi kabla giza halijaingia, ilhali mwandishi alikusudia muda wa saa 12, yaani mpaka saa 10 alfajiri! Mtaani watu wamejitafutia njia kwa kusema "masaa" wakihesabu muda. Walimu wa sarufi huwakemea. Mimi siku hizi nasita. Tuliandika upya: "Ukimaliza kupulizia, acha upite muda wa saa 12 ndipo uingie shambani."

Wiki ijayo ni zamu ya vitenzi vya kuamuru. Kwa sasa, chukua maelekezo yoyote uliyo nayo nyumbani, uhesabu kitu kimoja kimepewa majina mangapi.