Pombe ya Asali Chini ya Mlima Hanang

Ndugu wanachama, arusi zetu na hitima zetu hazipiti pasipo sinia la pilau. Wabarbaig wa Hanang, mkoani Manyara, mzee wao mwenye heshima humwaga kwa bung'eda: kaburi hujengwa juu kama kilima, na kwa miezi kadhaa jamaa na majirani hukusanyika, mwisho wakanywa pombe ya asali. (Sisi hatunywi, lakini ukarimu twaujua.) Asali hiyo haitoki kwa mtu mmoja, ukoo mzima huchanga.

Kisha mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yakatwaa malisho yao, na makaburi mengine yakapitiwa na trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki: Mahakama Kuu wakashinda mwaka 1984, Mahakama ya Rufani wakashindwa 1985.