Mche wa Hoho Haupimwi kwa Urefu

Mnunuzi wa miche ya pilipili hoho akifika kitaluni, jicho lake huvutwa na mche mrefu wenye majani mapana, na ukiwa umeshatoa ua ndiyo kabisa. Kwa maoni yangu, hapo ameanza msimu vibaya. Mche uliohamishwa hutegemea vinyweleo vya mizizi, ndivyo vinavyofyonza maji, na vinyweleo hivyo hukatika kwa wingi mche unapong'olewa kwenye tuta. Majani nayo hayana subira: jua likiwaka yanaendelea kupoteza maji kama kawaida. Majani yakiwa mengi na mizizi iliyosalia ikawa michache, mmea hunyauka siku nyingi kabla ya kushika. Ndiyo sababu mche wa wiki nne hadi sita, wenye majani halisi manne au sita na kimo cha sentimita 10 hadi 15, mara nyingi humpita kaka yake aliyezeekea kitaluni. Kwenye trei hali ni afadhali kwa kuwa mche hutoka na bonge lake la udongo, ila ukicheleweshwa humo mizizi hujizungusha ndani ya kitundu, na hata shambani huchelewa kutawanyika. Ua la mapema linyofolewe. Mmea unaolea tunda kabla ya kujenga mizizi hudumaa.

Wapo watakaosema mche mkubwa humshinda sota, yule kiwavi anayekata mashina usiku. Ni kweli, shina gumu humsumbua. Lakini ugumu hauletwi na umri peke yake. Huletwa pia na kuzoeshwa. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, kivuli cha kitalu kipunguzwe kidogo kidogo, na maji vilevile, bila kuacha miche inyauke. Kwa sota mwenyewe, kipande cha boksi kilichozungushwa shina na kuzamishwa kidogo ardhini kinatosha.

Hoja nzito ni ya mvua. Anayetegemea masika hawezi kuhamisha miche kwenye udongo mkavu eti kwa sababu imetimiza wiki sita. Hapo simlaumu, ila dawa si kuiacha irefuke ikisubiri wingu. Mbegu zisisiwe zote siku moja. Zikisiwa kwa awamu mbili, moja itakutana na mvua. Mvua ikishafika, kitalu kimwagiliwe kabla ya kung'oa, kazi ifanyike jioni, na mche usimame kwenye kina kilekile ulichokuwa nacho. Kuzika shina ni mazoea ya nyanya, ambayo huota mizizi shinani kwa wepesi. Hoho haina wepesi huo.

Mwenye kupanda barazani hukosea kwa upande mwingine: hukitoa kimche kwenye kikopo na kukitupa moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20, akidhani nafasi kubwa ni neema. Udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji, hewa hupungua, na mizizi michanga huoza. Kikopo kikijaa mizizi, mche uende kwenye chombo kikubwa kidogo, ndipo baadaye uingie ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini, maana ndoo isiyo na matundu itauozesha hata mche uliolelewa vizuri.