Upigaji picha arusini Tarime na Serengeti

Upigaji picha arusini ni kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za sherehe ya ndoa kwa picha za mnato na video. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kaskazini mwa Tanzania, kama ilivyo kwingineko nchini, mpigapicha anayelipwa hufanya kazi katikati ya wageni wengi wanaopiga picha kwa simu zao. Picha hizo za wageni zina faida, lakini zinaweza pia kuharibu kazi iliyolipiwa.

Mazingira

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na wakazi wake wengi ni Wakurya. Katika wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, wanaishi pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Kwa kuwa Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, ndugu wa maarusi wanaweza kutoka nchi mbili.

Kwa desturi ya Wakurya mahari hutolewa kwa ng'ombe. Kwa Wakristo hufuata ibada ya ndoa kanisani, kisha tafrija nyumbani au ukumbini. Gharama za tafrija mara nyingi hutokana na michango inayokusanywa na kamati ya arusi, na malipo ya mpigapicha hutoka humohumo. Hivyo picha zikikosekana, hasara si ya maarusi peke yao, bali ya wote waliochangia.

Mabadiliko ya vifaa

Wakati wa kamera za filamu, mkanda wa kawaida ulitoa picha 36 tu, na kila picha ilihitaji kusafishwa kwa gharama. Wageni wenye kamera walikuwa wachache. Baada ya simu zenye kamera kuenea, kupiga picha moja zaidi hakugharimu kitu, na picha hutumwa papo hapo kwa WhatsApp. Kila mgeni mwenye simu akawa mpigapicha.

Namna kazi inavyoharibika

Matukio makuu ya arusi hutokea mara moja: kuingia kwa bibi arusi, kuvishana pete, kutia sahihi cheti cha ndoa. Mgeni akisimama njiani kwa sekunde chache tu, tukio limepita, na kulirudia kwa ajili ya kamera si sawa na lenyewe.

Tatizo la pili ni mwanga. Taa ya simu huweza kuongeza rangi na vivuli ambavyo mpigapicha hakuvipangia. Baadhi ya flashi za pembeni huwashwa na mwanga wa flashi nyingine. Flashi ya mgeni huziwasha kabla ya wakati, na mpigapicha anapobonyeza, bado hazijapata nguvu tena.

La tatu ni macho. Katika picha ya pamoja, kamera zikiwa nyingi, kila mtu hutazama upande wake.

Faida ya picha za wageni

Mpigapicha hawezi kuwa kila mahali. Wapishi jikoni, watoto wakicheza na wazee wakizungumza chini ya mti mara nyingi hubaki katika simu za wageni tu. Ndugu aliyeshindwa kusafiri huona arusi siku hiyohiyo. Tena, familia isiyomudu kumlipa mpigapicha hutegemea simu hizo kabisa.

Njia za kukabiliana

Njia inayosaidia zaidi ni mapatano kabla ya siku ya arusi. Mpigapicha, maarusi na kamati huandika matukio ya lazima, majina ya ndugu wa kupigwa picha, na mahali ambapo mpigapicha atasimama bila kuzuiwa. Kiongozi wa ibada naye huulizwa kanuni za kanisa lake. Tarehe 8 Novemba 2017 Papa Fransisko aliwalaumu hadharani waumini, na hata mapadri na maaskofu, wanaoinua simu kupiga picha wakati wa Misa.

Heshima kwa wakubwa ina uzito. Kijana mwenye kamera hawezi kumwamuru mzee au shangazi wa bibi arusi aondoke njiani. Kwa hiyo tangazo hutolewa na mshereheshaji, au mjumbe wa kamati kutoka ukoo husika huwasogeza watu kwa upole.

Katazo tupu huzaa manung'uniko. Ni afadhali mpigapicha amalize picha zake kwanza, kisha wageni wapewe dakika chache za kupiga zao maarusi wakiwa wametulia. Akituma picha kadhaa jioni ileile, haraka ya wageni hupungua. Kwa upande wa vifaa, flashi zinazowashwa kwa mawimbi ya redio hazisumbuliwi na flashi za wageni.

Haki

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama kazi ya ubunifu. Ni vema mkataba useme nani atamiliki picha, na kama mpigapicha anaruhusiwa kuzitumia katika matangazo yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Kwa sababu hiyo ni busara mgeni naye awaulize maarusi kabla ya kusambaza picha zao, hasa kabla wao wenyewe hawajaziona.