Asili ya Samani za Mirathi Kariakoo na Uhindini

Katika nyumba za Kariakoo, Gerezani na ile iliyokuwa Uhindini, yaani mitaa ya Kisutu na Mtaa wa India, samani za wazee hujitokeza hadharani hasa nyakati mbili: mirathi inapogawanywa, na nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa kati na uani inapobomolewa ili kupisha ghorofa. Swali la kwanza la warithi huwa ni bei, ingawa bei haiwezi kukisiwa kabla ya kujulikana kitu chenyewe kilitengenezwa wapi, lini na kwa ufundi wa watu gani. Wengi hutafuta jibu katika nakshi, na hapo ndipo hupotea, kwa kuwa nakshi ni kitu ambacho fundi yeyote mwenye patasi kali anaweza kukiongeza leo juu ya ubao wa juzi, ilhali aina ya mti, viungo na upande uliogeukia ukuta havighushiwi kwa urahisi.

Ugumu wa kazi hii unatokana na historia ya mji wenyewe. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultan Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, ikawa makao makuu ya koloni la Wajerumani mwaka 1891, na ikaangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916. Wakoloni waliugawa mji katika sehemu tatu, Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati na Kariakoo magharibi, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka. Lakini samani hazikuheshimu mpaka huo. Mali za Wajerumani ziliuzwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watumishi wa serikali waliohamishwa waliuza vyombo vyao, na majumba ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971 familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini, zikiacha au kuuza vile visivyobebeka. Kwa hiyo kabati lililokutwa chumbani Mtaa wa Sikukuu laweza kuwa limekwisha kupita katika sehemu zote tatu za mji, na mahali lilipokutwa si ushahidi wa lilikotoka.

Kasha la njumu, yaani sanduku kubwa la mbao lililopambwa kwa misumari na mabati ya shaba, ndilo linalopotosha watu wengi zaidi. Wafanyabiashara wa vitu vya kale duniani hulitaja kama kasha la Zanzibar, na wauzaji wa Unguja hawana haraka ya kuwasahihisha, lakini makasha mengi ya karne ya 19 yalitengenezwa magharibi mwa India, hasa Surat na Bombay, yakaletwa na majahazi yaliyosafiri kwa kaskazi, pepo za msimu zinazovuma kutoka Asia kuja Pwani. Mafundi wa Unguja waliyaiga na bado wanayaiga, wakati mwingine kwa ustadi unaostahili kuheshimiwa kwa haki yake. Kasha la kale hufunguliwa na kuchunguzwa ndani kwanza: upande mmoja huwa na kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na pengine chini au nyuma yake pamefichwa droo ya siri, mahali pa dhahabu na hati. Kisha huangaliwa misumari, ambayo ikiwa ilifuliwa kwa mkono vichwa vyake havilingani sawasawa, na kandokando yake ubao umepata doa la kijani kutokana na kutu ya shaba. Bati likiinuka kidogo pembeni, rangi ya mbao iliyo chini yake hutazamwa pia, kwani ubao uliofunikwa kwa miaka mia haufanani na ule uliopigwa na hewa na mwanga. Rangi zikilingana kabisa, huenda shaba na kasha vimekutana juzi.

Vitanda vina mgawanyo ulio wazi zaidi. Samadari, kitanda cha juu chenye nguzo za kubebea chandarua, miguu iliyokerezwa na ubao wa kichwani wenye vioo au vigae vilivyochorwa maua, ni mtindo wa India hata kilipotengenezwa Unguja au Dar es Salaam, na kinachotofautisha cha India na cha hapa ni mti. Kitanda cha kamba, ambacho kwa mzaha huitwa teremka tukaze kwa sababu kamba zake hulegea, kilikuwa chombo cha kila nyumba na kwa hiyo hakikuthaminiwa. Vilivyosalia vizima ni vichache. Kiti cha enzi, chenye mgongo mrefu ulionyooka, mpingo uliotiwa nakshi za mfupa au pembe na paneli za kamba zilizosukwa, ni cha Lamu, Pate na Siyu, na kukikuta Kariakoo ni bahati nadra. Vigoda vya bara hujulikana mara moja kwa kuwa havina kiungo, vimechongwa kutoka gogo moja. Inashangaza kwamba mbuzi ya nazi iliyochongwa vizuri haihesabiwi na warithi kabisa.

Mti ndio shahidi mwema, ila nao una hila zake. Mninga, wenye rangi ya kahawia nyekundu na michirizi, na mvule, wenye udhahabu unaoiva kadiri miaka inavyopita, huonyesha kazi ya Afrika Mashariki. Shishamu, mti mweusimweusi mzito wa jamii moja na mpingo, huelekeza India. Mkulo wa milima ya Usambara una harufu ya kafuri, hivyo kasha lake huweza kudhaniwa kuwa ni kasha la kafuri la Kichina. Mtiki, unaoitwa pia msaji, zamani uliletwa kutoka India na Burma, lakini Wajerumani waliupanda nchini tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo meza ya mtiki yaweza kuwa ya Bombay au ya Keko, hapa hapa Dar es Salaam.

Vitabu vya Ulaya vinafundisha kwamba alama za msumeno zilizonyooka ni dalili ya mbao zilizopasuliwa kabla ya enzi ya mashine, na kanuni hiyo ikihamishiwa hapa inadanganya, kwani misituni Tanzania wapasuaji wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, wameendelea na kazi hiyo hadi miongo ya karibuni. Dalili zinazofaa zaidi ni zile zinazoweka mpaka: skurubu yenye kichwa cha nyota ilienea kuanzia miaka ya 1930, kwa hiyo kitu kilichofungwa chote kwa skurubu hizo hakiwezi kuwa cha zamani kuliko hapo, ingawa skurubu moja tu huenda ni ya matengenezo. Mguu uliokerezwa nao hupimika kwa rula, kwa sababu mbao hunywea zaidi kwa kufuata pete za mti kuliko kuelekea kwenye kiini chake, na mguu uliokuwa duara kamili huishia kuwa yai kidogo.

Samani za Kizungu zina sura mbili kuu. Viti vya mbao zilizopindwa kwa mvuke, vilivyotokana na kiti namba 14 cha Michael Thonet wa Vienna cha mwaka 1859, vilisafirishwa vikiwa vipande na kufungwa kwa skurubu na bolti, na chini ya kikalio mara nyingi huwa na karatasi au chapa ya kiwanda. Vile vya nyumba za serikali enzi za Waingereza ni vizito, bila pambo, na pengine vimepigwa herufi PWD, kifupi cha idara ya ujenzi. Kati ya hizo mbili yapo makabati yenye pembe za mviringo na vioo vilivyokatwa kama miale ya jua, ya mtindo wa Ati Deko, uliopata jina kutokana na maonyesho ya Paris ya mwaka 1925 na unaoonekana pia katika majengo ya Uhindini ya miaka ya 1930.

Uchunguzi wote huu hauna maana ikiwa fundi ametangulia na msasa na vanishi, kwa kuwa huondoa rangi ya umri, chapa na doa la kutu kwa asubuhi moja. Ni heri kitu kibaki na vumbi lake hadi kitakapopigwa picha chini, nyuma na ndani, na wazee wa ukoo waulizwe kilinunuliwa kwa nani. Warithi wenye milango ya zamani wana jambo la ziada: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na mnunuzi kutoka ng'ambo hawezi kuipakia bandarini bila kibali.